Mgagani wangu hauoti, naomba ushauri

Habarini ndugu zangu. Niko Dodoma, nilichuma mbegu za mgagani kwenye mimea iliyojiotea yenyewe shambani, nikazianika siku mbili tu nikapanda tuta moja, kina sentimita 1 hivi, samadi ipo, namwagilia kila jioni. Wiki ya sita sasa imetoka miche minne! Na yenyewe miembamba, ishaanza kutoa maua hata mboga ya mlo mmoja haifiki, wakati kule porini inastawi na jua lote lile bila mtu kuiangalia, inaudhi kwakweli. Nimerudia na mbegu nilizoloweka usiku kucha, wapi. Je mbegu zilikuwa mbichi mno, nizitunze miezi mingapi kwanza? Na haya maua niyakate ndo majani yaongezeke au niache?