Tupeane uzoefu: nani alikushtua chuoni kabla hujadisko, yaani kufukuzwa masomo?

Binti Chanika
Leo kwenye mwendokasi kijana kamwambia mwenzake, "testi one nimeokota sita, nitafidia UE." Nimekumbuka mbali jamani. Kozi waki, yaani testi na kazi za muhula, 40; UE, mtihani wa mwisho, 60. Ukiingia na 12, kufika 40 ya kupita tu unatakiwa utoe 28. Na kuna vyuo kozi waki ikiwa chini, chumba cha mtihani hukanyagi.

Mimi aliyenishtua ni CR, kiongozi wa darasa letu. Matokeo ya testi one yamebandikwa, akanifuata kwenye vimbweta: "Wewe unakaa wapi?" Sio unasoma vipi, unakaa wapi! Nilikuwa natoka Chanika, narudi saa nne usiku, desa, zile notsi za fotokopi, nasomea kwenye daladala nimesimama. Akanitafutia wadada Mabibo, tukabebana wawili kitanda kimoja. Nikamaliza mwaka na sapu moja tu, mtihani wa kurudia. Kuna ofisi nzima ya ushauri pale chuoni, haikuwahi kunitafuta. Nyie je?

Kaka Fotokopi
CR wetu alijua kukusanya hela za madesa tu. Hongera zako.

Mzee wa Kimara
Chuo sio chekechea. Mtu ana miaka 20 anasubiri aulizwe amekula? Wa kudisko adisko.

Mwalimu Ngazini
Mzee wangu shikamoo. Mimi nafundisha mwaka wa kwanza, darasa la mia nne, wengine wanakaa kwenye ngazi. Nimepangiwa wanafunzi wa kuwashauri na orodha ninayo. Wanaokuja ofisini ni wenye GPA ya 4.4 wanaotaka barua ya udhamini. Mwenye 1.7 akiniona kwenye korido anageuza njia. Siku hizi siwasubiri. Testi one ikitoka tu, walio chini nawapigia mwenyewe. Naanza na makazi, chakula, na kama bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, limeingia. Masomo yanakuja mwisho, na mara nyingi tunakuta tatizo tumeshalipita.

Msomi Uchwara
Chuo cha Georgia State kule Atlanta, Marekani, tangu 2012 mfumo unachungulia kila mwanafunzi, viashiria zaidi ya 800. Ukipata alama mbovu kwenye somo la msingi, au ukijisajili kozi isiyokuhusu, mshauri anakutafuta muhula haujaisha.

Kaka Fotokopi
Sisi mfumo ukiwekewa matokeo tu unalala siku mbili. Viashiria 800 si utalazwa ICU?

Dada Mkubwa
Nisikilizeni mimi. Mdogo wetu, mtoto wa baba mdogo, mwaka wa pili alilazwa wiki ya UE, zikampita pepa mbili. Hakuandika barua wala hakupeleka cheti cha hospitali, hakuna aliyemwambia kuna fomu ya kuahirisha. Ikahesabika katoroka mtihani. Akadisko kimyakimya.

Nyumbani hatukujua! Kila asubuhi anatoka Mbagala na begi, nauli anapewa, kumbe anashinda Kariakoo anauza kava za simu. Mwaka mzima na ushee. Mahafali yanakaribia, tumeshona vitenge sare, shangazi kaja kutoka Songea na gunia la mchele. Jioni moja baba mdogo anafungua orodha ya wahitimu kwenye simu, anashuka, anapanda, anashuka. Akasema, "Mbona herufi yetu wameiruka?" Kijana akaaga anakwenda dukani mara moja.

Binti Chanika
Ehee?

Kaka Fotokopi
Dada malizia, ugali unapoa huku.

Dada Mkubwa
Alirudi siku ya tatu. Vitenge tumevivaa kwenye kipaimara.

Mzee wa Kimara
Si ndio ninachosema? Uongo huo ungetibiwa na mshauri gani?

Mtaa wa Saba
Mzee, uongo ulikuja baadaye. Kwanza aliugua na akakosa karatasi moja ya kuahirisha. Na enzi zenu mlikuwa wachache, na kabla ya wanafunzi kuchangia gharama, serikali iliwalisha. Huyu wa leo bumu likichelewa anaingia testi na chai kavu. Usilinganishe.

Mzee wa Kimara
Tulikuwa wachache kwa sababu mchujo ulikuwa mkali. Jibu hilo.

Mwalimu Ngazini
Wadogo zangu mnaosoma kimya: ukiugua, barua na cheti vifike KABLA ya mtihani, au mtume mwenzako avipeleke. Matokeo yakishatoka, mkono wangu ni mfupi.

Msuli Usiku
Ukianguka testi one, ingia grupu la wadada, wana madesa yaliyonyooka.

Binti Chanika
Usimdanganye mtu. Grupu letu lilikuwa la umbea mpaka saa sita. Soma peke yako.

Mtaa wa Saba
Peke yako ndiyo njia ya Kariakoo hiyo.

Dada Mkubwa
Msimcheke jamani. Kaanza upya diploma chuo kingine, na kava bado anauza jioni.

Mzee wa Kimara
Ya Tecno anayo?