Unga wa mapera na maembe unageuka kahawia: antioksidanti zinabaki?

Mpenda_matunda: Wakuu, habari. Nakausha mapera mekundu na maembe juani, kisha nasaga unga wa kuchanganya kwenye vinywaji. Vipande vinageuka kahawia kabla havijakauka, na unga unashikana mabonge. Kuna faida inayobaki kweli, yaani zile antioksidanti zinazosaidia kulinda seli za mwili? Na naweza kuwaambia wateja unatibu kisukari?

Kikaushio: Mkuu, ukahawia huo ni kazi ya kimeng'enya cha tunda lenyewe, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia. Ukikata, hewa inaingia na kimeng'enya kinazibadili polifenoli, yaani antioksidanti zile zile unazozitaka. Kata vipande vya milimita 5, viloweke dakika 10 kwenye juisi ya limao na maji, nusu kwa nusu, uchuje. Usizidishe muda, maana vitamini C inayeyukia majini. Vyombo vya shaba weka mbali kabisa, vinaiharibu haraka.

Jua la moja kwa moja linaua karotenoidi, yaani rangi ya njano ya embe na ile nyekundu ya pera, inayoitwa likopeni. Tumia kikaushio kilichofunikwa, nyuzi 55 hadi 60. Moto mkali mwanzoni unakausha ngozi ya nje na kufungia unyevu ndani, baadaye ukungu unaota. Mabonge yanatokana na sukari ya tunda kuvuta unyevu. Kipande cha kusaga kivunjike kwa mlio, kikipinda bado. Kipoe ndani ya chombo kilichofungwa, saga, fungasha papo hapo mahali pasipo mwanga.

Lishe_bora: Naongeza. Pera lililotoka mtini lina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C kwa gramu 100, kama mara 4 ya chungwa, lakini kukausha kunapoteza sehemu kubwa. Anayeitaka ale tunda. Karotenoidi zinavumilia zaidi, ila bila mafuta kidogo mwili unazifyonza vibaya.

Kisukari usiandike, tafadhali sana. Unga ni sukari ya tunda iliyokolezwa, mgonjwa anaweza kuumia. Kipimo cha maabara cha antioksidanti kinaonyesha kinachotokea kwenye chupa, si mwilini. Mfano, utafiti wa Finland uliotoka 1994 uliwapa wanaume wavutaji sigara miligramu 20 za betakarotini, aina ya karotenoidi, kila siku, na saratani ya mapafu ikaongezeka.

Mpenda_matunda: Nimeelewa, lebo naibadilisha. Maganda ya embe nisage pia?

Kikaushio: Yana polifenoli nyingi kuliko nyama ya embe, ila utomvu wake unawawasha baadhi ya watu midomo na ngozi. Ukisaga, fungasha peke yake na uandike wazi kwamba ni maganda.