Mrejesho: krotoni yangu iliyokunja majani
Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini krotoni yangu ya sebuleni inakunja majani. Wengi mlisema kiu, nikazidisha maji. Wapi! Aliyesema "geuza jani" ndiye aliyepatia: chini kulikuwa na utando mwembamba na vidoti vyekundu vinatembea. Utitiri.

Nimeiogesha bafuni, nikasugua upande wa chini wa kila jani, kisha nikapuliza maji ya sabuni kidogo. Nikarudia kila baada ya siku 4, mara tatu, maana mayai hayaishi kwa mkupuo mmoja. Nimeitoa pia mbele ya kiyoyozi. Hewa kavu ndiyo raha yao.

Majani ya zamani hayajanyooka, ila mapya matatu yametoka safi. Shangazi bado anadai ilikuwa husda ya jirani.