Batri ya kuchoka na umeme wa kukatika: ekonomi ya batri, veye, ao veye prolonje?

himbi_memwari (Goma)
Jambo kwenu bote. Niko naandika memwari yangu, ile kazi ya kumaliza masomo, na huku Himbi umeme unakujaka vile unataka, usiku unaweza kuwa, asubui hakuna, mpaka jioni hakuna. Mashini ni HP ya okazyo, Windows 10 ya kifaransa, ramu giga 8, diski SSD. Nataka mutu anilinganishie vizuri: niwashe ekonomi ya batri, ao nifunge tu kifuniko ilale kwa veye, ao nitumie ile veye prolonje? Kila mutu ananiambia yake. Mwingine anasema nizime kabisa kila mara, lakini niko na PDF mingi wazi na Word mbili, kufungua yote tena na kutafuta kurasa nilifika ni kazi ya kuchosha sana. Gani inatunza batri kupita zingine?

fundi_kadutu (Bukavu)
Mudogo, hizo tatu hazina kazi moja, njo maana watu wanabishana bila kupatana. Ekonomi ya batri ni ya wakati uko unatumika. Veye na veye prolonje ni za wakati umeacha mashini. Kwa hiyo chagua moja ya kazi na moja ya mapumuziko, zitakaa pamoja bila shida.

Veye: ekra inazimika, prosesa inalala, lakini ramu inaendelea kula umeme kidogo kidogo, juu kila kitu ulifungua kiko mule na ramu ikikosa umeme inasahau vyote. Veye prolonje: kila kitu kiko mu ramu kinaandikwa mu diski, mu fichie inaitwa hiberfil.sys, kisha mashini inazimika kweli. Ata batri ukiitoa, ukiwasha kesho utakuta PDF zako pale pale. Na SSD yako inarudi haraka, wenye diski ya zamani ile ya kuzunguka njo watangoja.

Kitu kimoja watu hawajuake: mashini nyingi za miaka hii hazina tena veye ya zamani, ile ya S3, ziko na S0, na hiyo inabaki nusu macho, inachungulia mail, inashika wifi. Mutu anafunga kifuniko, anaweka mashini mu sakosi, akifika anaitoa ikiwa ya moto na batri imeshuka sana. Fungua cmd, ile dirisha ya kuandika amri, andika powercfg /a utaona yako ni gani. Kama ni S0, veye ni ya kwenda kula na kurudi, si ya kulala nayo usiku kucha.

mama_sekretaria (Goma)
Mimi niko na sekretaria, kazi yangu ni kuandika na kutoa makaratasi siku nzima, na nakubaliana na fundi ila naongeza hivi: wakati wa kazi, kinachokula kupita vyote ni ekra. Watu wanaacha mwangaza juu kabisa halafu wanalalamikia batri. Shusha mpaka pale unasoma bila kukaza macho, zima wifi kama unaandika tu, chomoa klé USB na modemu kama hautumike. Ekonomi ya batri ya Windows 10 inajiwashaka yenyewe kwa 20%, lakini unaweza kuipandisha ijiwashe mapema, mimi yangu iko inafanya kazi kila nikitoa chajeri. Inashusha mwangaza na inazuia programu zinazofanya kazi nyuma bila wewe kuziona. Word haitaona tofauti yoyote. Na msidanganyane na ekra nyeusi, ile rangi nyeusi inasaidia kwa ekra za OLED tu, kwa hizi zetu za LCD taa ya nyuma inawaka vile vile.

kuran_ya_lushi (Lubumbashi)
Shiye huku Lubumbashi delestaje, kukatiwa umeme kwa zamu, tunaijua. Ile naona bote mnasahau ni limiti ya kushaji. Lenovo eko nayo, ASUS eko nayo, unaambia mashini isimame kwa 80% ao 60%, juu batri ya lityum haipendi kukaa imejaa 100% siku zote, na zaidi haipendi joto. Mwezi wa kumi huku joto ni kali, mashini imejaa, iko kwa chajeri kutwa, juu ya kitanda, matundu ya hewa yamefunikwa na blanketi: batri inavimba. Mi naona mudogo aanze pale.

fundi_kadutu (Bukavu)
Ya kuran, kwa joto uko na haki kabisa, iwe juu ya meza. Lakini limiti ya 80% ni ya mutu ambaye mashini yake inakaa kwa chajeri kila siku na umeme hauendi. Yeye umeme ukija usiku njo nafasi yake moja, akiuacha kwa 80% amejinyima sehemu ya tano ya kazi ya kesho. Ajaze 100%, aitumie siku hiyo hiyo. Kuchosha batri ni kuiacha imejaa bila kuitumia.

kuran_ya_lushi (Lubumbashi)
Sawa, kama anaimaliza siku ile ile, nakubali. Lakini siku kuran imetulia aweke limiti.

tlp_bukavu (Bukavu)
Kwa wenye Linux, wekeni TLP, programu ya kutunza batri, na muiache ifanye kazi, yenyewe inajua saa gani uko kwa batri. Powertop itakuonyesha mashini inakula wati ngapi na programu gani inaamsha prosesa bure. Mara nyingi utakuta ni navigatere yenye onglé mingi, hiyo haina dawa isipokuwa kuzifunga.

himbi_memwari (Goma)
Aksanti sana wakubwa. powercfg /a imesema S3, nimefurahi. Nimefanya pia powercfg /batteryreport: design capacity 41 040 mWh, full charge capacity 22 960. Hiyo inamaanisha nini kwa kazi yangu? Na veye prolonje siioni mu menyu.

fundi_kadutu (Bukavu)
Inamaanisha batri ilitoka na Wh 41 (wati mara saa) na leo inashika karibu 23, imebaki kidogo juu ya nusu. Sasa fanya hesabu: mashini ikikula wati 15, utafanya saa moja na nusu. Ukishusha mwangaza, ukawasha ekonomi, ikakula wati 8, unakaribia saa tatu. Njo maana mama sekretaria anakuambia ekra kwanza.

Veye prolonje haionekani juu imezimwa. Fungua cmd kama administratere, andika powercfg /h on. Kisha ingia Options d'alimentation, pale pa kuchagua kazi ya butoni, weka kifuniko = veye prolonje ukiwa kwa batri. Itakula nafasi mu diski, karibu 40% ya ramu, kwako ni giga 3 na kitu.

Na hii usiiruke: mu paramètres avancés, chini ya Batterie, kuna niveau critique, ile asilimia ambapo mashini inajizima yenyewe. Batri ya kuchoka inadanganya, inaonyesha 12% kisha inakufa gafula, na Windows haipati ata nafasi ya kuandika ramu mu diski. Ipandishe mpaka 15%, na action iwe veille prolongée.

mama_sekretaria (Goma)
Na Word iweke enrejistre yenyewe kila dakika 2, mwanangu. Iko mu Options, Enregistrement. Inakujaka kwa 10, dakika 10 za memwari ni paragrafu mbili.

himbi_memwari (Goma)
Nimeweka yote. 15% haikubali kupita niveau faible ya 10, nafanya nini?

fundi_kadutu (Bukavu)
Anza na faible, ipandishe 20. Kisha critique itakubali 15.