Magari ya spoti ya haibridi: tuogope betri kuwaka au betri kuzeeka?

Mleta mada
Wakuu, Ferrari au McLaren ya haibridi (yenye injini ya petroli na mota ya umeme) ikiteketea barabarani, watu hawasubiri uchunguzi: "Betri hiyo!" Mimi nabisha. Tazameni yaliyofanya magari yenyewe yaitwe yarudi kukaguliwa. McLaren Artura iliitwa kwa sababu nati za mabomba ya petroli zingeweza kulegea. Ferrari SF90 iliitwa kwa ajili ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Petroli na oili, maadui wale wale tangu enzi za babu zetu.

Kinachonikera ni uzee. SF90 imebeba betri ya kWh 7.9 (kilowati-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), na lithiamu huchoka hata gari likiwa limelala chini ya turubai, ambako magari haya ndiko yanakoshinda. Injini ya V12 (silinda 12) ya mwaka 1970 fundi mzuri anaifumua na kuisuka upya. Seli za 2019, vile vibetri vidogo vinavyounda betri nzima, utazipata wapi mwaka 2045? Ferrari wenyewe wameliona: mwaka 2024 walitangaza mpango wa kubadilishiwa betri mwaka wa 8 na wa 16, lakini ni wa kulipia. Hoja yangu: sheria iwabane watengenezaji wawe na betri mbadala kwa miaka 30. Mnasemaje?

Mchangiaji
Uzee sawa mkuu, ila moto usiufanyie mzaha. Seli ikibanwa kwenye ajali, ule utando wa ndani unachanika, joto linapanda lenyewe na kuiambukiza seli ya jirani. Zimamoto wanamwaga maji, wanakunja mipira, baada ya saa kadhaa inawaka tena. Februari 2022 meli ya Felicity Ace iliwaka karibu na visiwa vya Azores vya Ureno ikiwa na magari kama 4,000, Porsche, Bentley na Lamborghini zikiwemo. Nahodha wa bandari alisema betri ndizo zilizokuwa zikiulisha moto. Meli ikazama, na Lamborghini wakalazimika kuunda upya magari yao ya Aventador yaliyopotea.

Mleta mada
Betri alizozisema ni za magari ya umeme mtupu. Lamborghini Revuelto ina kWh 3.8 tu, nayo imelazwa kwenye handaki katikati ya gari, pale ilipokuwa gia boksi ya Aventador. Usipime ndoo kwa kisima.

Fundi
Naomba niingie. Mimi nashika haibridi za kawaida, Aqua na Prius. Kabla sijagusa nyaya za rangi ya chungwa nachomoa plagi ya usalama, nasubiri kapasita zimwage umeme, halafu napima na mita. Ukifuata hayo, unarudi nyumbani salama. Betri ikichoka natafuta moduli (fungu la seli) iliyotoka kwenye gari lililochinjwa, maisha yanaendelea. Sasa Ferrari F80 zinaundwa 799 dunia nzima, utachinja ya nani? Hapo namuunga mkono mleta mada.

Mchangiaji mwingine
Mbona soko limeshaanza kujibu kwa betri ndogo? F80 hiyo hiyo ina nguvu farasi 1,200 na betri ya kWh 2.28, karibu sawa na LaFerrari ya 2013. Porsche 911 GTS ya 2024 ina kWh 1.9, betri ya kilo 27, wala haichomekwi ukutani. Betri ya kilo 27 hata gereji ya mtaani inaibeba. Wasiojirekebisha wapo pia: Testarossa mpya, 849, bado inabeba kWh 7.45. Tena Oktoba 2025 Ferrari walishusha lengo lao la magari ya umeme mtupu kwa mwaka 2030, kutoka asilimia 40 hadi 20, na haibridi wakaziachia 40. Kwa hiyo tutakuwa nazo sana.

Ila miaka 30 ni ndoto, kaka. Mtengenezaji wa seli mwenyewe anaweza kufunga kiwanda kabla. Mimi ningedai kitu kidogo zaidi: baada ya miaka 10, vipimo vya moduli na programu inayoisimamia betri viwekwe wazi, kampuni nyingine iweze kuunda mbadala.

Fundi
Programu ndiyo kikwazo. Moduli nitaiunda, lakini gari likiikataa kwa kuwa namba yake haliitambui, nitafanyaje?