Baba ni mwanajeshi mstaafu, amepooza upande mmoja. Tumlipeje mtu wa kumtunza nyumbani?

BintiWaMamboleo: Habari zenu. Baba ana miaka 77. Alikuwa jeshini, na mwaka 1989 alienda Namibia na kikosi cha amani cha Umoja wa Mataifa. Mwezi wa tatu alipata kiharusi. Tangu tumtoe hospitali, mama ndiye anayemwinua, anayemwosha na kumgeuza usiku, naye ana miaka 71. Juzi walianguka wote wawili bafuni.

Ndugu zangu wanasema pensheni ya baba itatosha. Haitoshi. Dawa za presha, pampasi na nauli ya kliniki huimaliza kabla ya katikati ya mwezi. Kaka mkubwa anataka tutafute msichana wa kazi wa elfu saba kwa mwezi. Baba naye amekataa katakata kuoshwa na mgeni. Mtu aliyekuwa akipiga pasi sare yake mwenyewe, leo analia akivuliwa shati. Tufanyeje?

MuuguziMstaafu: Pole sana binti yangu. Tafuteni mwanamume, tena si kijana mdogo. Siku za kwanza asimguse. Akae naye, wasikilize habari redioni, amnyoe ndevu. Kuoga kutakuja. Lakini kugeuzwa kila baada ya saa mbili hakungoji kuzoeana, maana vidonda vya kulala huanza na wekundu mdogo tu kwenye makalio au kisigino. Na mama asimwinue tena peke yake, nakuomba.

Owadgi_Akinyi: Elfu saba hapana. Kwa jiji la Kisumu, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113 kwa mwezi, na juu yake mwajiri huchangia NSSF, yaani akiba ya uzeeni, na ushuru wa nyumba. Anayekesha na mgonjwa anastahili zaidi ya hapo. Mpeni pia siku ya mapumziko, na siku hiyo nyinyi watoto mshike zamu.

Lanet_Nakuru: Wangu pia alikuwa mwanajeshi. Ulizeni kama baba alijiunga na DEFMIS, bima ya matibabu ya wanajeshi wastaafu. Sisi karatasi zilikuwa kwenye sanduku lake na hakuna aliyejua. Pesa za Inua Jamii, zile 2,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa wazee, hatazipata kwa sababu ana pensheni, lakini mama akiwa hana yake, mwulizeni chifu. Halafu kaeni ndugu wote mbele ya mama, mwandike nani anatoa nini. Kwetu mdogo wangu hana kazi, kwa hiyo hutoa Jumamosi na Jumapili zake. Tulipoandika, kelele zilipungua.

BintiWaMamboleo: Asanteni mno. Tunakutana Jumapili, na hesabu ya dawa nimeshaiandika. Nimemwuliza baba kama atamkubali mzee mmoja wa hapa jirani aliyewahi kuwa jeshini. Amenyamaza kitambo, kisha akauliza alikuwa kikosi gani.