Chuo ni kitabu tu, au na watu pia?

Kiti cha Mbele: Wakuu, naomba mawazo. Nipo mwaka wa pili. Muhula uliopita niliacha timu ya wavu, nikaacha kwaya, na kila mwaliko nikasingizia kazi. Alama zimepanda, sikatai. Ila Jumamosi moja ilifika saa 4 usiku ndipo nikashtuka kwamba sijaongea na mtu tangu asubuhi. Neno la kwanza kunitoka lilikuwa "samahani", nimemgonga mtu na begi mlangoni. Hivi mtu ajifungie mpaka amalize, au vyote viwili vinashikika?

Nondo Nzito: Jifungie, mdogo wangu. Marafiki utawakuta. ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima mzigo wa masomo chuoni, unahesabu saa 25 hadi 30 za kazi kwa krediti 1, na mwaka mzima ni krediti 60. Piga hesabu uone kama soga ina nafasi. Na wabaya kuliko wote ni hawa wa "tunakutana kikundi". Nusu yao wanakwenda kubebwa.

Bi Daftari: Nimepiga. Chukua hizo nyingi kabisa, saa 1,800, zigawe kwa wiki 40: saa 45 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa hizo 45, toa na 56 za kulala, zinabaki 67. Huyu mtoto anashindwaje kuimba?

Sapu Mbili: Kaka Nondo, hilo la "kubebwa" limenigusa. Mimi nilibebwa, sawa. Lakini nani alikuwa anahangaika kutafuta chumba? Nani aliwapatanisha wale wawili walionuniana mpaka kazi ikalala wiki nzima? Hayo hayaandikwi kwenye jalada.

Nondo Nzito: Hayaandikwi kwa sababu si kazi. Jalada letu la mwisho lilikuwa na majina sita, walioandika wawili. Jina la sita niliongeza kwa peni, tumeshachapa, dakika kumi kabla ya kukabidhi. Mwenyewe kaja mbio, kanyoa, ananukia manukato. Akapata alama zilezile.

Sapu Mbili: Peni ulishika wewe.

Mpita Njia: Hahaha, hapo kapatikana.

Nondo Nzito: Ningemwacha ningeitwa roho mbaya. Turudi kwenye mada. Kusoma ni kazi ya mtu mmoja. Hata yule Mjerumani aliyechunguza kusahau, miaka ya elfu moja mia nane na kitu, alifanya peke yake.

Bi Daftari: Ebbinghaus, 1885. Alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Kama ndiyo maisha unayomtakia mwenzio, sema tu. Halafu umeruka la maana: alikuta kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kubugia siku moja. Sasa mnakesha ya nini?

Nondo Nzito: Dada, nani kakwambia nakesha?

Mpita Njia: Mkuu, umejibu saa 9 usiku.

Chaki Nyeupe: Vijana, nimesahihisha hizo kazi za vikundi miaka mingi. Dawa ya kubebwa ni ndogo sana: kila mmoja anaitwa, anaulizwa swali moja juu ya sehemu anayodai kaandika. Kuna kijana nilimuuliza, akaanza kwa kugeuza jalada asome mada ni ipi.

Sapu Mbili: Shikamoo, mwalimu. Huyo kijana si mimi. Mimi niliuliza kama naruhusiwa kumpigia mwenzangu simu.

Chaki Nyeupe: Marahaba. Ukaruhusiwa?

Sapu Mbili: Jina langu si unaliona, mwalimu.

Nondo Nzito: Mwalimu, lakini hapo anayeumia ni nani? Ukimkata yeye, kikundi kizima kinanitazama mimi.

Kiti cha Mbele: Samahani wakubwa. Mazoezi ya kwaya ni leo saa 11 jioni. Niende?

Nondo Nzito: Subiri kwanza, mdogo wangu, tumalize hili la majina.